Nani anainuka kukutunza?

Ukikaa nyuma ya kinanda unaona ukumbi wote. Mwimbaji anaangalia walio mbele yake, mpiga dumbak anaangalia mikono yake, lakini mpiga kinanda yuko pembeni, nyimbo anazijua kwa vidole, macho yake yako huru. Miaka minne niliyopiga kinanda katika kikundi kidogo cha taarabu pale Ngamiani, Tanga, nilikuwa na kazi ya pili ambayo hakuna aliyenituma: kutazama watu.

Kuna harusi moja ya Makorora siisahau. Ukumbini watu kama mia mbili, wengi wanakula, watoto wanakimbizana kati ya viti, wimbo unaimbwa na hakuna anayeonekana kuusikiliza. Ulipofika ubeti wa tatu, mama mmoja wa makamo akaweka sahani chini, akajifunga kanga yake upya, akafungua pindo na kutoa noti ya shilingi 2,000. Akaja kwa mwendo wa madaha, noti ikipepea juu ya vidole viwili. Hakwenda moja kwa moja kwa mwimbaji. Alizunguka kwanza upande wa kushoto, akapita mbele ya meza fulani, akasimama pale kidogo huku akiimba maneno yale pamoja na mwimbaji, ndipo akaja kumtunza mwimbaji, yaani kumpa noti ile mbele ya watu. Aliporudi kuketi, wenzake watatu wa sare moja walikuwa wameshainuka.

Watu walikuwa mia mbili. Hadhira yetu usiku ule ilikuwa watu wanne, na meza moja ya kushoto iliyoinamisha vichwa.

Nawakumbuka wanawake wale kila ninapofuatwa na kijana mwenye kipaji, awe mwimbaji, mchekeshaji, malenga au mshereheshaji wa harusi, akaniuliza afanye nini ili apate wafuasi wengi. Wengi wao hawana lebo wala meneja. Wanajirekodi kwa simu, wanajipangia shoo, wanabeba spika zao kwenye bajaji. Ukimuuliza ana wafuasi wangapi, jibu liko mdomoni: elfu kumi, elfu arobaini. Ukimuuliza mwezi uliopita nani alikulipa, na alilipia kitu gani hasa, ananyamaza. Simlaumu. Dunia nzima imemfundisha kuhesabu wanaotazama, na hakuna aliyemfundisha kuhesabu wanaoinuka.

Tuanze na hesabu anayofundishwa. Tangu 2018, ili YouTube ianze kukugawia pesa za matangazo, sharti ambalo kila msanii wetu analijua kwa kichwa ni wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Wimbo wa dakika nne ukitazamwa mpaka mwisho kila mara, unahitaji kutazamwa mara 60,000 kabla hujaona hata senti. Wimbo wa taarabu wa dakika kumi na mbili ungehitaji mara 20,000 tu, na hapo mtu wa taarabu hujipa moyo, lakini ni nani kati ya wasikilizaji wetu atakayechoma bando lake dakika kumi na mbili, mpaka mwisho? Yeye anausikia wimbo kwa jirani, anaupata kwa bluetooth, anatumiwa kipande kwenye WhatsApp. Ameusikia, umemchoma moyo, ameukariri, na kwenye hesabu ya mtandao mtu huyo hayupo.

Mwaka huohuo wa 2018 Tanzania ilileta kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu, redio au televisheni ya mtandaoni alipe shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni na milioni 1 nyingine ya ada ya mwaka. Jumla milioni 2 na laki moja. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini fikra iliyokuwa nyuma yake ilibaki wazi kwangu: anayeongea mtandaoni alidhaniwa ni chombo cha habari kikubwa, mwenye mtaji. Mtu mwenye wasikilizaji mia moja waaminifu na kipaza sauti cha kuazima hakufikiriwa kabisa. Nililiona jambo hilo kuwa dhuluma wakati ule, na bado naliona hivyo, maana ndio watu wanaobeba lugha yetu mitaani.

Mwaka 2008 mwandishi wa Kimarekani Kevin Kelly alitoa hoja ambayo imezunguka sana kati ya wasanii wa kujitegemea duniani. Alisema msanii hahitaji mamilioni ya watu. Anahitaji mashabiki wa kweli 1,000, wale wanaonunua kila anachotoa. Kila mmoja akitumia dola 100 kwa mwaka, msanii anapata dola 100,000 na anaishi vizuri. Hoja hii ina ukweli mkubwa ndani yake, na imewaokoa wengi na utumwa wa kutafuta umaarufu. Lakini ukiileta Makorora inapwaya sehemu mbili. Ya kwanza ni mfuko: dola 100 ni zaidi ya shilingi laki mbili, na yule mama wa kanga hawezi kumpa msanii mmoja laki mbili kwa mwaka hata angempenda vipi. Hiyo ni rahisi kurekebisha, unabadilisha namba tu. Ya pili ndiyo kubwa. Shabiki wa Kelly analipa ili amiliki kitu: sahani ya muziki, fulana, kitabu. Yule mama hakununua chochote. Alilipa mbele ya watu, katikati ya wimbo, kwa mstari mmoja, na alipoketi hakuwa na kitu mkononi. Hata hivyo alirudi amenyooka kuliko alivyoondoka.

Alilipia nini? Hili ndilo swali ambalo msanii mdogo akilijibu anajua pa kwenda.

Nimelifikiria kwa miaka, na naamini alilipia kusemewa. Kuna neno lilikuwa limemkaa kooni ambalo yeye mwenyewe hawezi kulitamka. Labda ni la mke mwenza, labda ni la wifi, labda ni jirani aliyekopa na kutangaza kwamba amedaiwa kwa ubaya. Kulitamka waziwazi ni kuvunja heshima na kuanzisha ugomvi wa ukoo. Wimbo unapolitamka kwa fumbo, yeye anachofanya ni kusimama tu. Noti ile ni saini: maneno haya ni yangu. Akiulizwa kesho atasema aliupenda wimbo, na hakuna wa kumkamata. Mwimbaji naye amelindwa, kwa sababu hakumtaja mtu. Hata hajui ugomvi wenyewe. Utunzi wa pwani umejengwa juu ya ufundi huu, wa ubeti ulio wazi kiasi cha kumchoma anayehusika na uliofumbwa kiasi cha kuwafaa wengine kumi wenye kisa kingine kabisa.

Kwa hiyo hadhira ndogo ya msanii haipatikani kwa kuuliza watu wanapenda muziki gani. Watu wanaopenda taarabu ni wengi, na wengi wao watakula wali wako na kuondoka. Inapatikana kwa kuuliza ni watu gani wana neno lililowakaa kooni, na nani bado hajawasemea.

Siti binti Saad alilijua hili kabla ya yeyote kati yetu kuzaliwa. Alikuwa binti wa mfinyanzi kutoka Fumba, muuza vyungu, akahamia mjini Zanzibar mwaka 1911. Taarabu iliyokuwapo ilikuwa ya Kiarabu, ya ikulu na ya wanaume wa mjini. Ikhwani Safaa, klabu iliyoanza 1905, ilikuwa imekwisha kujenga jina. Kama Siti angeuliza hadhira kubwa na yenye fedha iko wapi, angeelekezwa huko, na angeimba Kiarabu mpaka mwisho. Kiarabu alijifunza kukiimba, na mabwana wakubwa walimwalika, lakini nguvu yake aliitia Ng'ambo, ng'ambo ya kijito, kwa watu walioachwa huru juzi na watoto wao, vibarua, wanawake wapangaji, watu ambao mahakama na ofisi zilikuwa zikiwaandika bila kuwasikiliza. Usiku walikusanyika kwake, wakazungumza yaliyotokea mjini, na mazungumzo yakageuka nyimbo za Kiswahili. Mojawapo inahusu kesi ya mwanamke mgeni aliyeuawa, mtuhumiwa akavuka kwenda bara, na adhabu ikawaangukia wengine. Ni habari ya mtaa mmoja. Mtu wa Muscat angehitaji kuelezwa nusu saa ili aelewe.

Mwaka 1928 alipelekwa Bombay kurekodi kwa HMV, kampuni ya santuri, na kwa kauli ya wengi ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuimba kwenye sahani ya santuri. Nyimbo zile za mtaa zikasikika pwani yote. Wanaosimulia habari hii hupenda kuanzia Bombay. Mimi nadhani msanii wa leo aisome kuanzia kwenye yale mazungumzo ya usiku. Watu wa Lamu na Mombasa waliinunua santuri kwa sababu kulikuwa na mtu aliyesema jambo halisi kwa ajili ya watu halisi, na wao pia walikuwa na mahakama zao na madhalimu wao.

Bi Kidude, aliyefariki 17 Aprili 2013, anajulikana duniani kwa majukwaa ya Ulaya na tuzo ya WOMEX, maonyesho makubwa ya muziki wa dunia, aliyopewa 2005. Nyumbani alikuwa na hadhira nyingine, ndogo kuliko zote: wari, wasichana wanaochezwa unyago. Ngoma ya unyago inapigwa mlango umefungwa, mwanamume haingii, na mimi kama mwanamume sina cha kusimulia kutoka ndani. Ninachojua ni kwamba kazi ile ilikuwa na malipo na heshima, na ilitangulia vyeti vyote. Kundi la wasichana, mlango uliofungwa, na mtu mmoja anayejua kusema yasiyosemwa.

Mombasa walikuwa na njia yao. Mtu mwenye kisa alimwendea mshairi, akamweleza, mshairi akafuma beti, mwimbaji akaimba harusini, kaseti ikarekodiwa pale pale na kunakiliwa madukani. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki 2014, aliimba tungo nyingi za jamaa yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, na sauti yake ilisafiri ndani ya mabegi ya wasafiri mpaka Ghuba. Mwenye kisa alibaki hana jina. Wimbo ukawa wa kila aliyewahi kuachwa.

Naliandika hili kwa mapenzi, lakini nisifiche ubaya wake. Hadhira ndogo inaweza kukumeza. Ikiwa wanaokutunza ni wanne, na mmoja wao ana pesa kuliko watatu waliobaki, siku si nyingi utaanza kumtazama yeye tu unapotunga. Kinshasa wana neno kwa hali hiyo, libanga, wingi wake mabanga: jina la tajiri au mwanasiasa linatupwa ndani ya wimbo, naye anatoa fedha. Bendi za dansi za Dar es Salaam nazo zikazoea, mpaka wimbo wa mapenzi ukawa na majina kumi ya wafanyabiashara. Mtu anaweza kusema hii ndiyo kutunza ileile. Sikubali. Yule mama wa Makorora alilipia maneno, na jina lake halikutajwa kabisa. Ndiyo ilikuwa maana ya jambo lenyewe. Tajiri wa libanga analipia jina lake, na maneno yaliyobaki hayamhusu. Ukimwimbia wa kwanza unalazimika kutunga vizuri zaidi, kwa kuwa ubeti mbovu haumwinui. Wa pili hata ukitunga ovyo analipa, mradi umemtaja.

Na anayekulipa peke yake anakuletea maadui zake. Kwa miaka mingi Wakongomani wa Paris, Brussels na London walizuia maonyesho ya wanamuziki waliowashutumu kuwa karibu na watawala wa Kinshasa. Tarehe 28 Februari 2020, siku ya onyesho la mwanamuziki wa Kongo Fally Ipupa katika ukumbi wa Bercy, Paris, moto uliwashwa karibu na stesheni ya Gare de Lyon, na moshi ukaonekana mbali. Onyesho lilifanyika. Lakini fikiria mwanamuziki anayesafiri kwenda kuwaburudisha watu wa kwao ughaibuni na kukuta watu wa kwao ndio wamesimama barabarani kumzuia. Huko ndiko hufika ugomvi wa wakubwa ukishaingia kwenye muziki.

Msanii mdogo wa Tanga hana hatari ya moto wa Paris. Ana hatari ya diwani, ya mwenye duka la jumla, ya mfadhili wa sare. Kanuni tuliyokuwa nayo kikundini, ambayo bi mkubwa wetu wa uimbaji aliisimamia kwa ukali, ilikuwa hii: asiwepo mtu mmoja ambaye akinuna, hatuli. Aliwahi kukataa laki mbili za mtu mmoja aliyetaka wimbo wa kumsifu, na wiki hiyohiyo akakubali elfu thelathini iliyochangwa na kina mama kumi na watano wa upatu waliotaka wimbo juu ya mweka hazina wao aliyekimbia na fedha. Tulinung'unika sana vijana. Wimbo ule wa mweka hazina ulituingizia kazi kwa miaka miwili, kwa sababu kila upatu una mweka hazina.

Kosa letu kubwa lilikuja baadaye, na nalisema kwa uchungu. Tulipoanza kujulikana, tukajiona tumebanwa na Ngamiani. Akaja promota mmoja, akatuahidi mzunguko wa kumbi za mikoa mitatu. Akatushauri nyimbo ziwe fupi, kinanda kiwe cha mdundo zaidi, tuweke wachezaji, mafumbo tuyapunguze maana watu wa mbali hawatayaelewa. Tukafanya yote. Kumbi mbili zilijaa, na watu walicheza vizuri kabisa. Hakuna aliyeinuka. Nyuma ya kinanda nilitafuta yule mama wa kuweka sahani chini, sikumwona, kwa sababu tulikuwa tumemwondolea ubeti wake. Promota alitoweka na mapato ya mlangoni, tukarudi Tanga kwa nauli ya kuchangiwa. Hilo la promota lilituuma, lakini pesa hutafutwa tena. Lililotuua ni kwamba tulipofika nyumbani, kina mama wa Makorora walikuwa wamepata kikundi kingine cha kuwasemea. Miezi mitano tu tulikuwa hatupo. Hawakuwa na chuki nasi. Walikuwa na mambo ya kusema, na mambo hayangoji.

Mfano wa watu walioshika pande mbili bila kuachia upo, nao ni singeli. Muziki ule umezaliwa kwenye vigodoro, sherehe za mtaani za usiku kucha, vya uswahilini Dar es Salaam, Tandale, Manzese, Mburahati, kwa kasi inayopita mapigo 200 kwa dakika, na maneno yake ni ya kodi ya chumba, polisi, wivu na njaa. Studio ya Sisso pale Mburahati ilikuwa inatengeneza muziki kwa ajili ya mtaa. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi za studio hiyo kwenye albamu, na baada ya hapo watu kama Bamba Pana, Makaveli na Jay Mitta wakawa wanapanda majukwaa ya Ulaya. Huko walikuta hadhira nyingine ndogo: watu wanaopenda muziki mgumu wa mashine, wanaosafiri mji hadi mji kuusikiliza. Hawaelewi neno hata moja la Kiswahili. Wao wanachukua kasi. Mburahati inachukua maneno.

Ninawaheshimu sana vijana hawa. Hawakupunguza kasi ili wapendwe na redio, na hawakupunguza Kiswahili ili waeleweke Berlin. Wangefanya lolote kati ya hayo mawili, wangepoteza pande zote. Ila kama mdogo wangu angekuwa mmoja wao, ningemwambia asikiache kigodoro hata siku moja, hata kama usiku mmoja wa Ulaya unalipa kuliko mwezi wa Tandale. Hadhira ya mbali inakupenda kwa jinsi ulivyo mpya, na upya unachakaa. Pale mtaani wanakurekebisha. Ukikosea neno, mtoto wa miaka kumi anakuzomea, na mwezi ujao unakuja na neno bora.

Sasa simu. Watu wananiambia kutunza kumehamia kwenye laivu ya TikTok, ambako mtazamaji anamtumia msanii ua la waridi au zawadi kubwa zaidi, na zawadi inageuka fedha, ingawa mtandao unakata fungu nono kabla haijakufikia. Nimekaa usiku kadhaa kuzitazama laivu hizo. Msanii anasimamisha kazi yake kila baada ya sekunde chache kusoma jina la aliyetuma: asante fulani, asante fulani, Mungu akubariki. Mtumaji alituma ili asikie jina lake. Hiyo ni libanga ya bei rahisi, na ndiyo maana nyingi zinaisha zikiwa mashindano ya majina, msanii mwenyewe amekuwa kama mnadi. Sisemi zikataliwe, mwenye njaa hachagui. Nasema zisichanganywe na ile noti ya pindo la kanga.

Noti ile leo imekwenda kwenye stetasi ya WhatsApp. Tazama simu ya mtu yeyote wa pwani saa tatu usiku. Dada amekata sekunde ishirini za wimbo, mstari mmoja tu, ameuweka bila maelezo, au na maneno mawili: "Waambie." Kila anayehusika anajua amelengwa. Mwenyewe akiulizwa atasema ameupenda wimbo. Amepita mbele ya ile meza ya kushoto, amesimama kidogo, ameimba pamoja na mwimbaji. Kilichopungua ni jambo moja: noti haikufika kwa mwimbaji, kwa sababu hakuna aliyeiwekea njia.

Njia si ngumu. Pesa za simu tunazo tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Mtu anatuma shilingi 500 akiwa amelala. Mwimbaji mmoja wa Pangani ninayemfuatilia ameamua kutoa vipande vyake vya stetasi mwenyewe, kila ubeti kipande chake, na namba ya malipo imeandikwa chini kwa herufi ndogo. Anasema hamwombi mtu. Anaangalia tu pesa imeingia kwa ubeti upi. Kundi lake la WhatsApp lina watu 140, naye hataki wazidi, kwa kuwa akizidisha hatawajua. Kati yao wapo wasichana wanaofanya kazi za ndani Muscat, waliochukuliwa simu mchana na kurudishiwa usiku, na hao ndio wanaoinuka kuliko wote. Wanatuma kupitia kaka zao walioko nyumbani, elfu tatu, elfu tano. Wimbo wanaoutunza zaidi hauna neno Oman ndani yake. Unahusu ndege aliyefundishwa kuimba wimbo wa mwenye tundu.

Nilimuuliza aliwapataje. Akasema hakuwatafuta, alitunga wimbo wa ndege kwa ajili ya dada yake, wa kwanza kuondoka, na dada akampigia simu akilia. Baada ya wiki wakawa saba. Ukimpata mmoja ambaye kweli umemsemea, yeye ndiye anayewajua wengine, maana wenye donda moja hujuana. Matangazo ya kulipia yasingeweza kuwafikia wasichana wale. Hakuna kisanduku cha kuweka tiki kinachosema "ananyang'anywa simu mchana". Ndiyo maana nasikitika ninapomwona kijana anatumia mshahara wake kununua wafuasi au kutengeneza kiki ya kugombana na msanii mwenzake. Kiki inaleta watu waliokuja kuangalia ugomvi. Ugomvi ukiisha wanaondoka, na wao hawakuwa na neno kooni.

Bi mkubwa wetu hakuwa na simu ya kisasa. Alikuwa na daftari la shule, la kurasa 48, jalada limechanika. Baada ya kila harusi, kabla hajalala, aliandika humo kwa mkono wa mtu aliyeishia darasa la nne. Tulidhani ni hesabu ya fedha, na tulimshuku, Mungu atusamehe. Kikundi kilipovunjika aliniita nyumbani kwake Chumbageni, akanipa lile daftari pamoja na nyaya za kinanda zilizobaki kwake, akaniambia, "Chukua mwanangu, wewe ulikuwa unaona."

Humo hamna hata shilingi moja iliyoandikwa. Kuna mtaa, mtu, na ubeti. Mke wa fundi cherehani, Mabawa: ubeti wa pili, alilia. Binti wa ajuza wa kona, Ngamiani: alisimama, akarudi kuketi, hakufika mbele. Mama wa Makorora, kanga ya buluu: ubeti wa tatu, na wenzake watatu. Halafu, kwenye mstari wa peke yake, kwa kalamu ya rangi nyingine: aliyeketi meza ya kushoto naye ana lake, atungiwe.